Barua ya wazi kwa wakubwa wa muziki: mshahara wangu wa ghalani ndio unaowafadhili

Waheshimiwa wenye kumbi, mapromota, wasimamizi wa mirabaha (yaani malipo ya wenye muziki kila unapotumika), wenye majukwaa ya kusikilizia muziki mtandaoni, na ninyi wa ofisi za utamaduni,

Salamu. Naandika nikiwa jikoni, na kwenye jiko kuna sufuria ya nyuzi. Sijakosea kuandika. Nyuzi za gita la besi zikichoka hulia kama kamba ya kuanikia nguo, na seti mpya ni ghali, kwa hiyo sisi wapiga besi tusio na jina huzichemsha. Unazifungua zote nne, unazikunja moja moja kama duara, unazitumbukiza kwenye maji yanayotokota yenye siki kidogo, unaziacha dakika kumi hivi. Maji yanageuka rangi ya kutu. Hilo ni jasho la vidole vyangu, la shoo za miezi minne. Kisha unazikausha upesi kwa taulo, unazirudisha kwenye gita, na kwa usiku mbili tatu besi linalia kama jipya. Baada ya hapo ni sufuria tena. Seti hii nimeichemsha mara tano. Ya sita sidhani kama itavumilia, maana kila ukiufungua uzi na kuukaza upya unazidi kudhoofika pale ulipopindwa, na mwisho wake hukatika katikati ya wimbo, mbele za watu.

Nimeanza na sufuria kwa sababu hivi karibuni mmoja wenu, simtaji, alisimama mbele ya wanamuziki chipukizi akatuambia kwamba kusota ni shule, na asiyesota hakomai. Tulimpigia makofi. Mimi pia nilipiga. Ndiyo adabu ya ukumbini, na isitoshe tulikuwa tunangoja posho ya nauli, ambayo haikutoka.

Neno lile nimelala nalo siku kadhaa. Shule, sawa. Lakini shule ina ada. Nani anailipa, na inaingia mfukoni mwa nani?

Bendi yetu ina watu watano. Mpiga dramu anafundisha watoto hesabu majumbani kwao. Mwimbaji wetu anapokea simu za wateja wa kampuni fulani mchana kutwa, na siku ya shoo huwajibu kwa sauti ya chini mpaka msimamizi wake anamfokea, kisa analinda koo. Mpiga kinanda anabeba mizigo ya watu wanaohama nyumba, jambo linalotutia hofu sote kwa ajili ya vidole vyake. Mpiga solo, ambaye ndiye mkubwa wetu na tunamwita kaka, anatengeneza simu zilizovunjika vioo. Mimi nahesabu maboksi ghalani, zamu ya saa kumi na mbili asubuhi.

Ijumaa moja tulipiga kwenye ukumbi uliojaa hadi watu wakasimama ngazini. Tulifika saa tisa alasiri kushusha vyombo, tukapima mitambo, tukakaa kungoja, tukapanda saa nne, tukashuka saa saba na nusu. Robo tatu ya muda wa jukwaani tulipiga kopi, yaani nyimbo za watu wengine, kwa sababu meneja alitaka zinazojulikana. Nyimbo zetu wenyewe tuliruhusiwa nne. Makubaliano, ya mdomo, yalikuwa tupate fungu la kiingilio. Saa nane meneja akaja na bahasha na maneno haya: watu walikuwa wengi, ndiyo, ila hawakunywa sana. Hatukujua kinywaji kinaingiaje kwenye hesabu ya kiingilio. Hatukuuliza pia, kwa kuwa tulitaka kuitwa tena.

Kaka alihesabu juu ya boneti ya gari, mimi nikimmulikia kwa tochi ya simu. Akatoa ya mafuta. Akatoa ya kukodi amplifaya ya besi, kwa sababu ile ya ukumbi ilikuwa imekufa na hakuna aliyetuambia mapema. Akatoa ya fundi mitambo, ambaye usiku uleule ndipo tulipoelezwa kwamba ni juu yetu kumlipa. Kilichobaki akakigawa kwa watano, hakikugawanyika sawa, noti moja ikawa haina mwenyewe. Akaiangalia kidogo, akanipa. "Chukua wewe, dogo, una zamu asubuhi."

Kuanzia kushusha vyombo hadi pale kwenye boneti ni masaa 11. Fungu langu, hata na ile noti ya ziada, halikufika ninacholipwa kwa masaa mawili ya kuhesabu maboksi. Walinzi wa mlangoni walilipwa zao kamili. Wahudumu wa kaunta nao, na wa taa, na wa usafi, na ni haki yao kabisa. Ni sisi tulioujaza ukumbi ambao malipo yetu yalikuwa ni chochote kitakachosalia wengine wote wakishalipwa.

Sasa hesabu iko wazi. Gita nililolipiga lilinunuliwa na ghala. Mazoezi ya wiki tatu yalilipiwa na ghala, na hesabu za watoto, na simu zilizovunjika vioo. Ninyi mliuza tiketi za muziki uliokwisha kugharimiwa na waajiri wetu wa mchana, watu wasiojua hata bendi yetu inaitwaje. Yaani wafadhili wenu wakubwa ni sisi, na hatujawahi kuwekewa bango.

Najua mtanijibu kwa majina ya waliotoboa. Mtanitajia Philip Glass, mtunzi Mmarekani, aliyekuwa dereva wa teksi na fundi bomba New York. Mtanitajia Bill Withers, aliyekuwa akifunga vyoo vya ndege kiwandani hata wakati albamu yake ya kwanza inatoka mwaka 1971. Picha ya jalada ilipigwa palepale kazini, wakati wa mapumziko, mkononi ana kisanduku chake cha chakula. Na hamtawasahau Beatles, ambao mwaka 1960 kule Hamburg walipiga usiku kwa usiku, saa nyingi mfululizo, na kulala kwenye chumba cha nyuma ya skrini ya sinema, jirani na vyoo. Hadithi tamu hizi. Nami nazipenda, nimezisimulia mara nyingi mno kwa mtu aliyeamua kuzikasirikia.

Ila zisomeni tena, safari hii mkimtazama mlipaji. Mwishoni mwa mwaka 1976 opera ya Glass ilioneshwa Metropolitan Opera, mojawapo ya majukwaa makubwa kuliko yote duniani, ukumbi ukajaa. Onyesho likaacha deni, na mtunzi akarudi kwenye usukani wa teksi. Alikuwa na miaka 39. Hata fundi bomba alibaki kuwa: ameeleza mwenyewe jinsi alivyokuwa nyumbani kwa mhakiki maarufu wa sanaa akifunga mashine ya kuoshea vyombo, yule bwana akamtambua na kushangaa msanii kama yeye anafanya nini pale. Mtu anaweza kusoma hapo habari ya unyenyekevu. Mimi nasoma habari ya abiria wa teksi wa New York, ambao bila kujua ndio waliokuwa idara ya utamaduni ya mji ule.

Na hao ndio waliofika. Cesária Évora wa Cabo Verde aliimba kwenye baa za Mindelo tangu usichana wake, kwa malipo yasiyomtosha, na katikati ya miaka ya 1970 akaacha kuimba hadharani kwa takriban miaka kumi. Dunia ilikuja kumjua vizuri akiwa amefikia miaka 50. Watu husimulia ile sehemu ya kurudi kwake. Mimi akili yangu inagandia kwenye ile miaka kumi. Sauti ile, kwa mwanamke wa miaka 35 au 40, haipo. Hakuna kanda ya kuitafuta. Na huyo ni mmoja aliyerudi. Mpiga tarumbeta tuliyeanza naye bendi hakurudi. Aliuza tarumbeta kulipia kodi ya nyumba, akatuambia ni kwa muda tu, na sasa ana mwaka wa nne. Tukikutana tunazungumzia mpira.

Tena msidhani jina linamaliza shida. Sixto Rodriguez alitoa albamu mbili Marekani, mwaka 1970 na 1971, hazikununuliwa, akarudi kubomoa na kukarabati nyumba Detroit. Wakati huohuo Afrika Kusini watu walikuwa wakiziimba kwa moyo, wengine wakiamini amekufa, na yeye hana habari. Alikwenda kuwapigia mwaka 1998. Alikuwa nyota na kibarua kwa wakati mmoja kwa miaka 20 na zaidi, kwa sababu kati ya wasikilizaji na mfuko wake hapakuwa na mtu aliyeona ni kazi yake kuunganisha. Solomon Linda naye alirekodi wimbo wake "Mbube" Johannesburg mwaka 1939 na kuuachia kwa shilingi kumi. Ukazunguka dunia nzima kwa jina la Kiingereza, "The Lion Sleeps Tonight", yeye akafariki mwaka 1962 akiwa maskini, na familia yake ikaja kufikia makubaliano ya malipo mwaka 2006. Wimbo haukukosa umaarufu. Kilichokosekana ni karatasi yenye masharti ya maana, na mtu wa kumsomea kabla ya kutia sahihi.

Hapo nageukia upande wenu, ninyi wa mtandaoni, ingawa sipendi hesabu zenu. Kwa kawaida fedha za wasikilizaji wote mnazimwaga kwenye chungu kimoja, kisha mnagawa kwa uwiano wa usikilizwaji wote. Binamu yangu, ambaye Mungu ambariki, mwezi mzima anasikiliza bendi yetu tu. Ada yake karibu yote inakwenda kwa nyota ambaye hajawahi kumsikiliza. Si lazima iwe hivyo. SoundCloud mwaka 2021 walianza, kwa wasanii wanaojitegemea, kugawa fedha ya kila msikilizaji kwa wale aliowasikiliza yeye. Wengine mlielekea kwingine. Tangu mwaka 2024, Spotify hawalipi mirabaha ya rekodi kwa wimbo ambao haujasikilizwa angalau mara 1,000 katika miezi 12 iliyopita. Hoja yenu naifahamu: ni visenti, haviwezi hata kumfikia mtu benki, na kuna walaghai wanaopakia kelele kwa maelfu ili wajikusanyie. Kwa wimbo mmoja ni visenti kweli. Nakubali. Lakini visenti hivyo havikutupwa jalalani; vilibaki chunguni vikagawiwa walio juu ya mstari. Mdogo kumchangia mkubwa ni jambo geni kidogo kwa kitu mnachokiita shule.

Mirabaha yenyewe nayo ina maajabu. Rekodi inatakiwa iwe na nambari yake ya utambulisho, ISRC, ya herufi na tarakimu 12, na utunzi nao una nambari yake nyingine, na majina ya watunzi yaandikwe vilevile kila mahali. Likikosewa jina moja, fedha inakaa haina mwenyewe. Mwaka 2021 huko Marekani majukwaa ya kusikilizia muziki yaliikabidhi taasisi mpya ya kukusanya mirabaha, MLC, dola zaidi ya milioni 424 zilizokuwa zimerundikana kwa nyimbo ambazo wenyewe hawakutambuliwa. Milioni 424! Sisi nambari hizo tulizijua mwaka wa tatu, kwa bahati, kutoka kwa kijana wa studio aliyetuonea huruma. Wimbo wetu wa kwanza mpaka leo unaonesha mtunzi ni "Trak 02 mwisho kabisa", kwa sababu ndivyo faili lilivyoitwa siku tunapakia usiku wa manane.

Na kwenye kumbi? Mwaka 1847, Paris, mtunzi Ernest Bourget alikaa kwenye mgahawa wenye muziki, akasikia kazi yake inapigwa, na bili ilipokuja akakataa kulipa. Mnatumia changu bure, basi na mimi natumia chenu bure. Mahakama ikamuunga mkono, na mwaka 1851 ikazaliwa SACEM, chama cha kukusanya mirabaha ambacho kipo hadi leo. Namheshimu sana mtu yule. Lakini usiku ule wa Ijumaa, zile nyimbo nne tulizotunga wenyewe hakuna aliyeziandika popote. Ukumbi haukujaza fomu ya nyimbo zilizopigwa, na mkusanyaji akigawa kwa kufuata redio kubwa, sisi hatumo redioni. Hatumo kwenye fomu wala kwenye sampuli. Kikanuni hatukupiga.

Kabla hamjasema nawalaumu ninyi tu, acha niseme letu. Bendi itakayokubali kupiga bure kesho ipo, na miaka mitatu iliyopita bendi hiyo ilikuwa ni sisi. Tuliambiwa tutapata jina, tukachukua kazi ya wenzetu waliokuwa wakidai malipo, tukajiona wajanja. Tumewahi hata kununua tiketi zetu wenyewe, arobaini, kwa sharti la promota kwamba tuziuze ndipo tupande jukwaani. Tuliuza kumi na mbili. Shangazi yake mwimbaji alinunua nne na hakuja. Kwa hiyo sina usafi wa kuwahubiria.

Yapo mahali walikojaribu kuulipa muda huu wa kusota. Ufaransa ina utaratibu wa wafanyakazi wa maonyesho: ukithibitisha masaa 507 ya kazi ndani ya miezi 12, unapata fidia kwa siku zisizo na kazi. Ubishi kuhusu utaratibu ule hauishi, lakini angalau unakiri kwamba siku isiyo na shoo nayo ni sehemu ya kazi. Ireland mwaka 2022 ilianza majaribio ya kuwalipa wasanii 2,000 euro 325 kwa wiki, wakachaguliwa kwa bahati nasibu kati ya walioomba na kustahili, hakuna kupanga foleni kwa mkubwa. Guinea baada ya uhuru wa 1958 ilizifanya bendi kama Bembeya Jazz kuwa bendi za taifa, wanamuziki wakawa na mshahara na vyombo, na muziki uliotoka pale ungali unachezwa. Ila mwajiri akiwa serikali, beti za kumsifu mwajiri haziko mbali, na bendi zile ziliziimba. Hiyo bei kwangu ni kubwa. Nachemsha nyuzi kwa hiari kuliko kuimba hivyo.

Kwa hiyo sianzi kwa kuomba ruzuku. Ninyi wa ofisi za utamaduni mkiona njia ya Ireland inawafaa, sitawazuia. Lakini kabla ya ruzuku kuna fedha ambayo ilikuwepo mlangoni Ijumaa ile, noti kwa noti, na ndiyo ninayoiongelea. Wenye kumbi, tupangieni kiwango cha chini kisichotegemea nani amekunywa nini. Fundi mitambo ni wa ukumbi kama taa zilivyo za ukumbi, mlipeni ninyi. Kama amplifaya imekufa tuambieni Jumatano, si saa kumi jioni ya siku yenyewe. Mapromota, mambo ya kumuuzia mwanamuziki tiketi zake mwenyewe yaacheni, hiyo si promosheni, ni duka na sisi ndio wateja. Wasimamizi wa mirabaha, tumeni mtu mmoja, hata mara moja kwa mwezi, kwenye kumbi ndogo akae nyuma na karatasi aandike kilichopigwa. Akipenda aketi nasi akisubiri saa nne ifike, tutamfundisha kuchemsha nyuzi.

Na malipo yawe usiku uleule. Hili naliweka peke yake kwa sababu ndilo linalouma kuliko yote. "Njoo Jumanne" maana yake ni kuomba ruhusa ghalani, nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, na kukuta mhusika ametoka kidogo. Nimewahi kwenda Jumanne tatu kwa malipo ya shoo moja. Jumanne ya tatu nilikuwa nadai chini ya nilichokwisha kutumia kudai.

Maji yamepoa, nyuzi ziko kwenye taulo. Wa nne, ule mnene, umeanza kuachia kamba ndogo iliyouzunguka, nimeukagua kwa kidole. Jumamosi tuna shoo. Kaka amechapa karatasi ya ukurasa mmoja: saa ya kufika, saa ya kupanda, kiasi, nani anamlipa fundi mitambo, orodha ya nyimbo na watunzi wake, na kwamba fedha inahesabiwa kabla hatujapakia vyombo. Chini ina mahali pawili pa kutia sahihi. Pa kwanza tumeshasaini wote watano, mwimbaji wetu alisaini akiwa kazini, kati ya simu moja na nyingine. Pa pili ni penu. Kalamu ninayo kwenye mfuko wa begi la gita.

Wenu,
Mpiga besi